UZI: Bodi ya foili imeanza kuwa nzito? Maji yanaingiaje, na ufanye nini kabla hujaiziba

#1 UpepoWaPaje

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za saa hizi kwa wote.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenye bodi za foili, yaani bodi zenye mlingoti unaoshuka majini na mabawa chini yake yanayoinyanyua bodi juu ya maji, ziwe za kaiti (tiara kubwa la kuvutwa na upepo), za bawa la kushika mkononi au za betri. Kila msimu wa kusi unapomalizika naletewa bodi za kutengeneza huku kusini mashariki ya Unguja, na nyingi zina maelezo yale yale: ilipata ufa mdogo, mwenyewe akapaka gundi, ikaonekana imepona, kisha ikaanza kuwa nzito na kuchelewa kunyanyuka. Mwenye bodi anakuja akiamini gundi ilikuwa mbovu. Mara nyingi gundi haina kosa. Maji yalikuwa yameshaingia, naye akayafungia ndani.

Kwa hiyo neno langu ni hili: usikaushe kabla hujajua maji yanapoingilia, na usizibe kabla hujakausha.

Tuanze na bodi ilivyoundwa. Nyingi za siku hizi ndani zina foamu ya EPS, ile nyeupe ya vipunje inayofungashiwa televisheni. Kipunje chenyewe hakinywi maji kirahisi, lakini kati ya kipunje na kipunje pana mianya, na maji husafiri humo taratibu mpaka yakafika mbali na pale yalipoingilia. Juu ya foamu kuna ganda la faiba au kaboni lililoshikwa na rezini ya epoksi. Ganda likiwa zima, haliingii hata tone.

Sasa, wengi hudhani maji hujipenyeza yenyewe kidogo kidogo. Ukweli ni kwamba bodi huyavuta. Bodi ikilala mchangani saa saba mchana, hasa ya rangi nyeusi, hewa iliyomo inaweza kufika nyuzi 60. Hewa hiyo hupanuka na nyingine hutoka kupitia ufa. Unainyanyua bodi, unaingia nayo kwenye maji ya nyuzi 27. Iliyobaki ndani inapoa na kusinyaa, na shinikizo linashuka kwa takriban asilimia 10. Nguvu hiyo ya kuvuta ni sawa na kuizamisha bodi kina cha mita 1, hali ya kuwa bodi inaelea na tumbo lake limezama sentimita chache tu. Ndiyo maana bodi mbili zenye ufa wa aina moja zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa: ya mwenye kuiweka kivulini inaongezeka gramu chache, ya mwenye kuianika mchangani kati ya mzunguko na mzunguko inarudi na maji ya kumwagika. Kivuli ni sehemu ya matengenezo. Hata khanga iliyolowa ukiitandika juu ya bodi inasaidia.

Pa kuangalia kwanza ni kwenye reli mbili zinazofungiwa mlingoti. Fikiria kazi inayofanyika hapo. Mlingoti una urefu wa sentimita 75 mpaka 90, mabawa yako chini kabisa, na kila ukiegemea, nguvu yote inapanda na kutua kwenye sahani moja ndogo yenye bolti nne za M8 (unene wa milimita 8). Ukigonga mwamba wakati maji yanakupwa, pigo lote linaishia pale pale. Nyufa huanzia kwenye ncha za reli na kwenye pembe zake. Fungua foili kabisa, safisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha pakauke, kisha binya kwa kidole gumba kuzunguka boksi lote linaloshika reli. Pakicheza, au chumvi ikachomoza kwenye mstari mwembamba, hapo ndipo.

Jambo la pili ni bolti ndefu kuliko inavyotakiwa. Mtu kapoteza bolti yake, kanunua nyingine dukani, kaikaza mpaka imetoboa sakafu ya reli. Kwa nje huoni kitu. Pima kina cha reli na unene wa sahani kabla hujakaza bolti ya kuazima.

Baada ya hapo kagua tundu za mikanda ya miguu, kishikio cha kubebea, na skrubu ya hewa.

Kujua kama maji yameingia, tumia mizani ile ya kuning'iniza ambayo wasafiri hupimia mabegi ya ndege. Pima bodi ikiwa mpya, au leo ikiwa kavu, bila mlingoti, kisha andika uzito kwa kalamu ya wino mzito ndani ya reli. Lita moja ya maji ya bahari ni kilo moja na kidogo, kwa hiyo mizani haikufichi. Kuitikisa bodi na kusikiliza hakutoshi, kwa sababu maji yaliyonywewa na foamu hayatoi sauti.

Kutafuta tundu: toa skrubu ya hewa, paka povu la sabuni sehemu zote unazozishuku, halafu puliza kwa mdomo kupitia mpira mwembamba uliobana kwenye tundu la skrubu. Puliza taratibu na subiri. Palipovuja patatoa mapovu. Tafadhali msitumie kompresa ya kujazia matairi. Nimeona ganda likibanduka kwenye foamu kwa sekunde chache, na hapo bodi iliyokuwa na ufa wa sentimita mbili inakuwa haitengenezeki.

Kukausha ndiko kunakowashinda watu, kwa sababu kunataka subira. Weka bodi ili pale palipoingia maji pawe chini kabisa. Kama ufa ni mwembamba sana kutoa maji, toboa tundu dogo hapo hapo, maana patakatwa tu wakati wa kuziba. Acha skrubu ya hewa wazi. Weka kivulini, mahali pa upepo, feni ikiwa inaelekea kwenye tundu. Pima kila asubuhi. Uzito ukishuka endelea. Ukisimama siku kadhaa mfululizo, na uko karibu na ule wa mwanzo, hapo fikiria kuziba. Wakati wa masika hewa yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo usitarajie kasi ya mwezi wa saba.

Maswali karibuni.

#2 DianiKusi

Shukran sana kaka, uzi mzuri. Mimi niko Diani. Swali langu: hiyo skrubu ya hewa kazi yake hasa ni nini? Jamaa mmoja ufuoni aliniambia ni tundu lisilo na faida, niizibe na epoksi nimalize kesi. Na kwa nini tusianike juani wakati jua ndilo linalokausha kila kitu huku kwetu?

#3 UpepoWaPaje

Ndugu yangu wa Diani, usiizibe kabisa.

Foamu ya EPS karibu yote ni hewa. Joto likitoka nyuzi 20 kwenda 60, hewa hiyo inataka kuongezeka ujazo kwa karibu asilimia 14. Ikikosa pa kutokea, inasukuma ganda mpaka libanduke, na utaona uvimbe kwenye sitaha. Kwa hiyo bodi ikiwa nchi kavu, juu ya gari au ndani ya ndege, skrubu ifunguliwe. Ikiingia majini, ifungwe. Kaza kwa nguvu ya vidole na bisibisi kidogo tu. Chini yake kuna oringi, pete ndogo ya mpira. Ikiwa imebapa au ina mchanga, maji yatapita hapo hapo wakati wewe unahangaika na reli. Ipanguse, ipake grisi ya silikoni kidogo sana, na weka nyingine ya akiba kwenye begi.

Bodi nyingine zina kizibo chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Hicho hakifunguliwi, na kisipakwe grisi wala kubandikwa stika juu yake.

Kuhusu jua: epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 60, na bodi nyeusi juani inafika hapo. Maji yaliyomo nayo hugeuka mvuke na kusukuma ganda kutoka ndani. Upepo unatosha.

#4 FundiFaiba_Kigamboni

Wakuu, mimi ni fundi wa boti za faiba, kazi hii naifanya miaka mingi. Naona mnaifanya ngumu. Sisi ufa kwenye boti tunapiga msasa, tunaweka mkeka wa faiba na rezini yetu ya kawaida na hadina (dawa ya kugandishia) yake, saa mbili boti iko majini. Rezini ya boti ipo kila mahali na bei yake ni nafuu kuliko epoksi. Kwa nini mnawatia watu gharama?

#5 UpepoWaPaje

Fundi, heshima yako. Kwa boti unayosema ni sawa kabisa, na kazi za mafundi wa Kigamboni zinajulikana. Lakini rezini ya boti ni poliesta, na ndani yake kuna staireni. Staireni inayeyusha EPS. Ukiimwaga juu ya foamu nyeupe, utaona shimo linafunguka mbele ya macho yako. Unaweza kuziba ufa kwa juu na chini yake ukaacha pango. Chukua kipande cha foamu ya kufungashia, dondoshea tone, utaona.

Kuna bodi za mawimbi zenye foamu ya poliyurethani, hizo zinavumilia poliesta. Lakini bodi ikiwa na skrubu ya hewa, chukulia ni EPS na tumia epoksi.

Na epoksi haina mambo ya kuongeza hadina ili igande haraka. Poliesta unaweza kucheza na asilimia moja au mbili ya hadina kulingana na joto. Epoksi ina uwiano wake ulioandikwa kwenye kopo, na ukiupotosha itabaki inanata milele. Pima kwa mizani ya jikoni ya dijitali, na angalia kama uwiano ulioandikwa ni wa uzito au wa ujazo, maana haviko sawa.

#6 FundiFaiba_Kigamboni

Nimekuelewa mkuu. Nimejaribu sasa hivi na kipande cha foamu iliyofungashiwa friji mpya, kimeyeyuka kweli. Basi tupe hatua za kuziba, maana bodi hizi zimeanza kuletwa na huku.

#7 UpepoWaPaje

Vizuri sana fundi. Kwa mkono wako uliozoea faiba hii haitakusumbua.

Kata au saga sehemu yote iliyopasuka mpaka ufikie foamu nyeupe iliyo kavu na ngumu. Ukikuta foamu imelowa, simama, rudi kwenye kukausha. Msasa namba 80 kuzunguka, uende kama sentimita 5 nje ya ufa. Kwenye shimo jaza epoksi iliyochanganywa na nyuzi za faiba zilizokatwakatwa. Ule unga mwepesi wa kujazia ni mzuri kwa mikwaruzo ya pembeni, lakini karibu na reli hauna nguvu. Kisha weka tabaka mbili za kitambaa cha faiba, la juu kubwa kuliko la chini. Mkeka ule wa nyuzi zilizotawanyika uache kwa boti, wengi umeshikwa na gundi inayotegemea staireni ili ilainike.

Sasa siri ambayo wengi hawaitilii maanani: rezini ipakwe alasiri, joto linaposhuka. Ukipaka asubuhi, hewa ya ndani inapanuka kadiri jua linavyopanda na kusukuma mapovu kwenye rezini yako mbichi, na kila povu ni njia mpya ya maji. Ukipaka alasiri, hewa inasinyaa na rezini inavutwa ndani ya nyufa. Nguvu ile ile iliyovuta maji inakufanyia kazi. Skrubu ya hewa iache wazi, isije ikavuta kupita kiasi.

Asubuhi yake utakuta utando wa mafuta mafuta juu ya epoksi, kwa ajili ya unyevu wa usiku. Osha kwa maji na sabuni kabla ya kupiga msasa au kuongeza tabaka, la sivyo tabaka la pili halitashika.

Kama reli yenyewe inacheza ndani ya bodi, kupaka juu hakusaidii. Inabidi kung'oa boksi na kulipanda upya kwenye foamu ngumu. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekwisha kuifanya.

Nijibu pia hoja niliyoletewa faragha, kwamba jahazi nalo huvuja siku za mwanzo kisha likatulia. Jahazi ni la mbao. Mbao zikilowa huvimba na kuibana kalafati, na maji yenyewe ndiyo yanayomalizia kazi. Foamu haivimbi. Bodi inayovuja itaendelea kuvuja mpaka uishughulikie.

#8 BintiWaJambiani

Kaka asante kwa elimu. Naomba niongeze upande wetu. Mama yangu analima mwani. Maji yakijaa, mambo zetu (vigingi vya kufungia mwani) na kamba hazionekani, na watu wa foili wanapita juu. Mlingoti ukinasa, bodi inapasuka na sisi kamba zinakatika na mwani unachukuliwa na maji. Tafadhali waelezeni wageni wenu mashamba yalipo kabla hawajaingia.

#9 UpepoWaPaje

Dada, umesema kweli, na bodi kadhaa zilizoletwa kwangu zilipasukia huko huko. Wenye skuli za kaiti wanaosoma hapa: mgeni wa foili asiingie bila kuoneshwa mashamba ya mwani, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, asibaki ndani ya mwamba maji yakianza kukupwa. Mlingoti wa sentimita 85 pamoja na bawa unataka kina cha zaidi ya mita moja, na wakati wa kupwa kina hicho hakipo. Kamba iliyokatwa ni riziki ya mtu, ilipwe.

#10 Mswahili_Maskati

Salaam kutoka Maskati. Jamaa zangu tuna bodi ya foili ya betri hapa. Juzi baada ya kutoka majini tulikuta maji kidogo kwenye chumba cha betri, kama nusu kikombe. Betri yenyewe imeandikwa IP67, na inawaka kama kawaida. Tunaweza kuchaji tuendelee? Joto la huku mnalijua.

#11 UpepoWaPaje

Msichaji kwanza, ami. Hapa naomba kila mwenye bodi ya betri asome taratibu.

IP67 maana yake vumbi haliingii, na kifaa kimehimili maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 kikiwa kipya na kimetulia. Jaribio hilo halisemi kitu juu ya chumvi, mchanga kwenye mpira wa mfuniko, wala kishindo cha kuanguka kwa kasi.

Kwanza tenganisheni mambo mawili. Maji kwenye chumba ni jambo moja, maji ndani ya betri ni jambo jingine. Toeni betri ikiwa haina joto, ifuteni, kagueni plagi zake. Mkiona kutu ya kijani au nyeupe, mkisikia harufu tamu tamu au ya kemikali, ikiwa imevimba, au mfumo ukionesha onyo la unyevu, basi betri hiyo haichajiwi tena mpaka aione mtu wa kampuni iliyoitengeneza. Iwekeni nje, juu ya zege au mchanga, kivulini, mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba na gari. Msiifungue wenyewe.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, na yakiingia kati ya seli za lithiamu hujenga njia ndogo za umeme zinazoendelea kula taratibu hata betri ikiwa imezimwa. Moto unaweza kuja baada ya saa nyingi au siku kadhaa. Kule Florida, Marekani, baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yaliwaka siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Betri ya bodi ni ndogo kuliko ya gari, lakini inalala ndani ya nyumba wanamolala watoto. Ikianza kutoa moshi, kimbieni upande unakotoka upepo na muite zimamoto. Moshi wake ni sumu.

Kama betri haina dalili yoyote kati ya hizo, shughulikieni mfuniko, lakini kuchaji kusubiri mpaka plagi zikauke kabisa, na mara ya kwanza muichaji nje mkiwapo. Unywele mmoja au punje ya mchanga juu ya mpira wa mfuniko inatosha kuingiza hiyo nusu kikombe. Futeni mpira na mfereji wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kila mnapofunga. Na kwa joto la Maskati, ile habari ya hewa kupanuka na kusinyaa inahusu chumba cha betri pia. Msifunge mfuniko bodi ikiwa imechemka juani kisha mkaitupa majini. Ipoe kwanza kivulini.

#12 Mswahili_Maskati

Allah akulipe kheri. Tumeitoa nje ya gereji. Plagi moja ina kijani, kwa hiyo tunaipeleka kwa wakala.

#13 DianiKusi

Kaka, nimerudi. Mlingoti wangu wa alumini ukiinamishwa unamwaga maji. Nao umepasuka?

#14 UpepoWaPaje

Hapana, milingoti mingi ya alumini ni mitupu ndani na maji huingia na kutoka kwenye maungio. Hatari yake ni chumvi inayobaki. Bolti za chuma kisichoshika kutu zikikaa kwenye alumini iliyolowa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na nyuzi za bolti zinashikana mpaka hazifunguki. Bawa la kaboni likigusana na alumini ni vibaya zaidi. Fungua vyote baada ya kutumia, suuza, kausha, na paka grisi ya baharini kwenye kila bolti kabla ya kurudisha. Usiiache imefungwa msimu mzima.

Bawa la mbele ndilo la kulipima kwenye mizani. Baadhi yana foamu ndani, na yakivuja hutoa matone kwenye tundu za skrubu hata baada ya kufutwa.

#15 DianiKusi

Bawa liko sawa. Bodi niliikuta imezidi kilo moja na gramu mia mbili. Fundi friji wa mtaani kaniambia ana kompresa ya friji bovu inayoweza kuvuta unyevu. Nikubali?

#16 UpepoWaPaje

Inawezekana, na wengine wanaitumia. Kwenye mvuto mkubwa maji huchemka hata kwa joto la chumba, ndiyo maana inakausha. Lakini masharti: weka chupa ngumu ya kioo katikati ili maji yasiingie kwenye kompresa, usivute kwa nguvu zote kwa sababu foamu nyepesi inabonyea na ganda likaingia ndani, na waya za umeme zisiwe karibu na sakafu yenye maji. Acha maji mengi yatoke kwa kuinamisha kwanza, kompresa ije mwisho kumalizia unyevu. Ikishuka mpaka gramu mia moja juu ya uzito wa zamani na ikasimama hapo, ziba.

Kabla ya gharama hizo, gonga sitaha yote kwa ukucha. Palipo pazima panatoa mlio mkali, palipobanduka panatoa mlio mfu. Kama eneo la kusimamia lote linatoa mlio mfu na linabonyea ukikanyaga, usitumie pesa kukausha. Toa vifaa vyake, reli ukiweza, mikanda na kishikio, uviuze au uviweke kwa bodi nyingine.

#17 DianiKusi

Nimegonga. Mlio mfu ni kiganja kimoja tu, nyuma ya reli ya kulia. Kwingine kote pazima.

#18 UpepoWaPaje

Basi inatengenezeka. Toboa hapo hapo nyuma ya reli, inamisha usiku kucha, na uweke picha hapa kesho ukishapima.